Masereka Anaogopa Baridi

Jumatano, 1 Oktoba

Saruji imefika kutoka Kasese. Mfuko mmoja umepasuka. Kule, dereva wangu, anasema ni barabara. Kwa Kule kila kitu ni barabara.

Wabebaji wapya wawili walianza kuhesabu kwa sauti wakishusha. Moja, mbili, tatu. Nikawanyamazisha. Kwangu mizigo inahesabiwa kwa kalamu, vijistari vitano vitano, kimya. Wanasema Hajji ana mwiko wake. Waseme. Afadhali waseme kuliko waniulize.

Hajji kwa jina tu. Maka sijafika. Nauli nimekuwa nayo mara mbili, na mara zote mbili nikanunua tairi. Zaina, mke wangu, anadhani ni ubahili. Si ubahili. Ni ile shuka ya ihramu, bega nje, na kuoga pamoja na wanaume nisiowajua. Siwezi. Nina miaka arobaini na moja na siwezi.

Baada ya alasiri nimeitwa Kinyamaseke kuosha mzee aliyefariki. Nikapasha maji kama kawaida yangu. Shehe huniambia kila mara kwamba kitabu kinasema ya baridi ndiyo bora. Namwitikia, halafu napasha. Bwera hadi Kinyamaseke wanajua: akija Hamisi, weka sufuria motoni. Nikamfunika mzee kitovuni hadi magotini, nikamwosha chini ya shuka, polepole. Swaibu, mwenzangu wa kazi hii, alimimina. Maiti hatazami mtu. Hacheki. Ni kazi pekee ninayoifanya mikono ikiwa imetulia. Nikiipoteza hii nitabaki na gari tu.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mvua asubuhi. Mpakani foleni.

Simu kutoka Kampala. Mwanamke anataka gari la kuhamisha vitu vya kaka yake, kutoka Kasese hadi kwao Karambi. Mgonjwa, hospitali imemruhusu, anarudi kwa mama yake. Jina, Masereka. Nikasema sawa, Jumapili.

Sikuuliza Masereka yupi. Nani huuliza? Huku kwetu kila mtoto wa kiume wa tatu kuzaliwa ni Masereka. Mimi mwenyewe Bwambale, wa pili, na kwenye stendi ukiita Bwambale wanageuka saba.

Jumapili, 5 Oktoba

Ni yeye.

Nilikwenda na Kule kwa sababu ya makochi, yanataka watu wawili wa kupanga. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya barabara. Kasese, saa saba mchana, jua la kuyeyusha lami, na yeye blanketi mbili na kofia ya sufu. Amekonda. Uso sikuujua. Nilimjua alipocheka.

"Kifaranga! Njo weye? Eh, Mungu ni mukubwa. Iko na gari sasa."

Akanipa mkono. Nikaupokea. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kabla sijaamua. Halafu nikaenda nyuma ya gari nikatapika. Nikamwambia Kule ni samaki wa jana.

Tulimketisha katikati yetu. Njia nzima alisimulia. Shule ya Kilembe, bweni, bomba la nyuma, mtoto wa darasa la kwanza aliyekuwa akitetemeka kama kifaranga aliyenyeshewa. Alisimulia vizuri, ana kipaji. Kule alicheka hadi akapunguza mwendo. Na mimi nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma usiku huu kuliko yote. Nilicheka nao.

Karambi mama yake alitupokea. Mama Kabugho, kizee kidogo, mgongo umepinda kwa jembe. Akanipa uji. Nikaunywa wote kwa haraka ili niondoke.

Jumatatu, 6 Oktoba

Sijafanya kazi. Nimekaa ndani ya gari, milango imefungwa, kama ninakagua karatasi.

Niandike basi. Daftari hili halisomwi na mtu. Naandika Kiswahili kwa sababu hiyo. Zaina anakisema sokoni lakini kukisoma hataki, na watoto wanasoma Kiingereza.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la kwanza la sekondari, bwenini. Yeye la nne. Bomba lilikuwa nyuma ya bweni, maji yanatoka mlimani moja kwa moja, ya barafu. Kila Jumamosi kabla ya jua. Wananiamsha, wananivua kila kitu, wananisimamisha juu ya jiwe. Yeye anamimina kwa beseni. Wengine wanahesabu hadi mia. Nikitetemeka wanaanza upya kutoka moja. Nani hatetemeki? Siku moja walianza upya mara nne. Siku hiyo nilijikojolea juu ya jiwe, na hiyo ikawa sehemu ya kicheko kwa mwaka mzima.

Hawakunipiga. Hata alama sina. Ningekuwa na kovu ningeonyesha mtu.

Mwaka mzima. Halafu yeye akamaliza shule akaenda zake, na mimi nikabaki pale miaka mitatu nikiamka kila Jumamosi gizani, navaa sare na viatu, naketi kitandani nasubiri. Hakuja mtu. Bado naamka Jumamosi. Zaina anadhani ni ibada.

Hakuna mwalimu aliyejua. Hilo nimejiambia miaka yote. Kama wangejua wangezuia.

Jumanne, 7 Oktoba

Siku ya soko. Bwera imejaa, wa ng'ambo ya Kongo wamevuka na mawese na vitenge.

Saa nne mbebaji mmoja akaniita Kifaranga. Si kwa ubaya. Aliita tu, "Kifaranga, magunia haya yaende wapi?" Wenzake wakachekea viganjani. Kule amesimulia. Ya barabarani Jumapili yamefika sokoni Jumanne.

Nimemfukuza Kule. Miaka sita. Dereva aliyenipeleka hospitali na malaria akiwa amenibeba mgongoni. Alisema, "Hajji, nilikuwa nacheka tu, sikujua iko maneno." Nikamwambia lete ufunguo. Aliuweka juu ya boneti, akakunja koti lake vizuri, akaondoka kwa miguu.

Najua nimemwonea. Najua, na sijamwita arudi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikukuu ya Uhuru. Shule zimefungwa. Watoto nyumbani, kelele.

Walikuwa wanacheza uani, kijificho. Mmoja anafumba macho anahesabu. Nilitoka nikapiga kelele ambayo sijawahi kuipiga. Mdogo akakimbilia kwa mama yake. Zaina akanitazama tu. Baadaye akasema, "Baba Shamim, nani amekuuma?" Nikasema nyoka. Akasema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, lakini nyasi zangu leo ni watoto.

Ana haki. Miaka kumi na minne ya ndoa na mwanamke huyu hajaona mgongo wangu kwenye mwanga.

Ijumaa, 10 Oktoba

Shehe alinishika mkono baada ya sala. Akanitoa kando, karibu na birika la udhu. Nikadhani kuna msiba.

Masereka ameusia. Mbele ya Shehe na mashahidi wawili. Akifa, anataka nimwoshe mimi. Kwa jina. Hamisi Bwambale wa Bwera, rafiki yangu wa shule.

Rafiki.

Shehe anafurahi. Anasema wasia wa aina hii ni heshima, wenzako wanaosha miaka ishirini bila kuusiwa na mtu. Nikamwambia nina kazi nyingi, dereva ameondoka. Akatabasamu. Maji ukishayavulia nguo, alisema, huna budi kuyaoga. Sikuweza kumtazama. Alikuwa anasema msemo tu, maskini.

Nikikataa, watauliza kwa nini. Mwosha anayechagua maiti si mwosha tena, hilo nimelisema mwenyewe mbele ya watu, msikitini, kwa sauti kubwa, mjinga mimi. Nikikubali, atakuwa mbele yangu kwenye kitanda, uchi, na mimi nina kata mkononi. Naijua mikono yangu kwa wengine wote. Kwa huyu siijui. Naogopa.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimekwenda Karambi. Nilikusudia kumwambia. Njiani nilifanya mazoezi ya maneno, nikiendesha. Ulinitesa. Neno moja tu. Nilisema peke yangu kwenye usukani mara nyingi.

Chumba kilikuwa na joto la jiko la makaa. Blanketi tatu sasa. Figo, wanasema. Mama Kabugho alikuwa ameketi kwenye mkeka, anamshikia kikombe.

Nikamuuliza kama anakumbuka bomba.

"Nakumbuka kila kitu," alisema. "Tulicheka mbaya. Weye ulikuwa mulaini kama mutoto wa musichana. Sisi njo tulikukomaza. Angalia leo, iko mutu mukubwa, iko na magari."

Nilitazama kikombe. Mama yake hakuinua macho.

Halafu akanivuta karibu, na hapa sauti yake ilibadilika, ikawa ndogo. Alisema amesikia kwamba mimi napasha maji. Watu wamemwambia. Waosha wengine wanamimina tu ya bomba. Yeye tangu augue baridi haimtoki mifupani. Anajua maiti hasikii. Amesoma. Lakini analala akiwaza yale maji na hapati usingizi. "Naogopa baridi, Hamisi," alisema. Ndiyo mara ya kwanza kuniita Hamisi. "Ndiyo nikasema weye. Unipashie."

Nikasema nitakupashia.

Neno langu nimerudi nalo tumboni. Nimeahidi kumpashia maji mtu aliyenisimamisha juu ya jiwe. Nilipofika nyumbani sikula. Nina hasira hadi meno yanauma. Juu yake kidogo. Juu yangu mwenyewe sana.

Jumanne, 14 Oktoba

Soko. Nimeendesha mwenyewe, nimepinda kioo cha pembeni kwenye geti. Wameniita lile jina mara tatu. Sasa hata mama muuza ndizi.

Naomba asife. Naomba afe Kasese, afe Kampala, afe mahali pasipo na mimi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Amekufa alfajiri. Shehe alinipigia kabla ya jua kutoka.

Nilifika Karambi saa tatu na Swaibu. Watu wameshajaa uani, wanaume upande wa migomba, wanawake jikoni. Mama Kabugho mwenyewe alikuwa kwenye mafiga. Sufuria mbili kubwa. Alikuwa amechota na kukoka tangu usiku, walisema, hakukubali kusaidiwa. Alichovya kidole kwenye maji, akaniambia yako tayari, mwanangu, si moto sana. Kope zake zilikuwa nyeupe kwa majivu.

Wakaziingiza sufuria ndani. Tukafunga mlango. Swaibu, mimi na shemeji wa marehemu wa kushika kichwa.

Nilimfunika kama ninavyofunika wote. Hilo nililifanya. Nataka iandikwe kwamba nilimfunika.

Halafu nikamwambia Swaibu toa hizi sufuria kando. Leta madumu ya bomba.

Swaibu akaniangalia. "Hajji, maji ya leo ni haya ya moto."

Nikasema kitabu kinasema ya baridi ndiyo bora. Sauti yangu ilikuwa imetulia kabisa. Shemeji hakujua lolote. Swaibu akatoka akarudi na madumu manne. Yalikuwa yamelala nje, maji ya mlimani, vidole vilikufa ganzi nilipoyagusa.

Nikamimina. Kulia, kushoto, mara tatu, sabuni, kafuri mwisho. Kila kitu kwa utaratibu, hakuna fakihi ambaye angepata kosa. Na ndani ya moyo nilikuwa nahesabu. Moja, mbili. Nilihesabu hadi mia. Hakutetemeka, kwa hiyo sikuanza upya.

Mengine niliyoyaona kwenye mwili wake siandiki. Hiyo ni amana ya mwosha, hata huyu anayo.

Makaburini Shehe akauliza mnamjuaje marehemu. Watu wakasema mtu mwema. Akauliza mara tatu, wakajibu mara tatu. Akasema aliyekosewa na ndugu yetu amsamehe sasa, hapa. Wakasema tumesamehe. Midomo yangu haikufunguka. Hakuna aliyegundua. Nilirusha mchanga wangu kama wote nikaondoka.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nilifurahi. Lazima niandike hilo kabla halijageuka kitu kingine. Jana, kati ya hamsini na mia, nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu.

Leo msikitini Shehe kanisifu mbele ya safu. Amesikia kutoka kwa shemeji kwamba nimeacha ukaidi wa maji ya moto, nimefuata kitabu. Watu wakanipongeza, wakanipa mikono. Swaibu alikuwa nyuma. Hakunipa mkono. Alitoka na viatu mkononi, hajavivaa.

Kosa ambalo hakuna anayeliona kosa. Amali ni kwa nia, wanatufundisha toka utotoni. Nia yangu ninaijua mimi, na nadhani Swaibu ameinusa.

Aliniomba kitu kimoja. Mtu mzima, anaogopa, akaomba. Na mimi ndiye niliyekuwa na beseni.

Jumatatu, 20 Oktoba

Wamekuja kuniita. Msiba Mpondwe, fundi wa baiskeli, namfahamu. Nikasema mgongo unauma. Wakamchukua Swaibu.

Mgongo hauumi. Nilianza kuvaa kanzu, nikafika mlangoni, mikono ikaanza. Inatetemeka hadi sasa, angalia mwandiko huu. Nilipata mahali pamoja duniani pa kutulia, na nimepachafua mwenyewe. Masereka ametuma mkono wake kutoka kaburini akanichukulia hata hapa. Hapana. Nisimsingizie maiti. Huu ni mkono wangu.

Jioni nilimpigia Kule. Akaja. Nikampa ufunguo. Nilitaka kusema nimekosa, nikasema breki ya nyuma inalia. Akasema ameshaisikia tangu gari lilipokuwa linapita njiani, ataiona kesho. Akaenda zake. Mungu anipe mtu kama Kule na yeye Mungu ampe tajiri bora kuliko mimi.

Alhamisi, 23 Oktoba

Zaina ameuliza tena. Nikamwambia nusu. Bomba, jiwe, hesabu. Sikumwambia la Karambi. Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja ileile fulana, anaikunjua anaikunja. Halafu akasema, "Ndiyo maana." Maneno mawili tu, nikaona miaka kumi na minne inapita machoni mwake, anaipanga upya.

Hakunikumbatia. Nilishukuru.

Kesho kutwa nitakwenda Karambi. Nimeamua. Kama Mama Kabugho atanitangaza, anitangaze. Kama watasema Hamisi asiguse tena maiti wa Kiislamu, watakuwa wamesema kweli.

Jumamosi, 25 Oktoba

Niliondoka mapema. Mvua ya usiku imelegeza njia ya Karambi, nikaacha gari chini nikapanda kwa miguu. Mama Kabugho alikuwa uani, ameketi, ungo wa maharage mapajani, anachambua. Alitaka kuinuka anipe kiti. Nikaketi kwenye mkeka.

Nikasema kabla ya salamu kuisha. Nilisema maji uliyopasha sikuyatumia. Nilimwosha kwa maji baridi. Nilijua anaogopa, nilimwahidi, na nilifanya makusudi. Nikamwambia kwa nini. Jiwe, beseni, mia. Nilisema yote, hata ya mkojo. Sijui sauti ilikuwa ya nani.

Hakulia. Vidole havikuacha kuchambua. Alisema sufuria alizikuta zimejaa. Aliziona jioni ileile, akanyamaza.

Nikasubiri anifukuze.

Badala yake akaanza kusema, taratibu, hanitazami. Alisema yule akija likizo, yeye mama alikuwa anawapeleka wadogo zake kwa shangazi yao Kinyamaseke, wakae huko hadi shule ifunguliwe. Alisema hata yeye mama alilala na mlango umefungwa. "Nilimuzaa mimi," alisema, "na nilimuogopa."

Halafu akaacha kuchambua.

Alisema shule ilimwita. Mwaka ule. Kulikuwa na mtoto mdogo wanamtesa kwa maji, mlinzi aliona, akasema kwa mkuu wa shule. Walitaka kumfukuza Masereka, na mitihani imebaki muhula mmoja. Alitembea kutoka huku hadi Kilembe, siku mbili, na mbuzi jike. Akampigia magoti mkuu wa shule. Mbuzi akapokelewa. Masereka akabaki.

"Sikuuliza yule mutoto ni wa nani," alisema. "Ningeuliza ningeshindwa kuomba."

Kwa hiyo walijua. Mlinzi alijua, mkuu wa shule alijua, mwanamke huyu alijua. Miaka ishirini na minane nimewatetea kwamba hawakujua. Nikashika mkeka kwa mikono yote miwili.

Akanigeukia. Macho yake yana ukungu wa uzee, sijui alikuwa ananiona kiasi gani. Alisema yule amekwenda na mambo yake, Mungu atajuana naye, na maji ya baridi hayo nimejibebesha mimi na nitamweleza Mungu mwenyewe. Yeye anaomba la kwake. La mbuzi. Akaniomba nimsamehe, akaniita mwanangu, akasema ni mzee na waosha wa kike wa Karambi wanamtazama sasa kwa jicho la kupima.

Alisubiri. Kuku waliingia wakadonoa maharage yaliyoanguka, hakuwafukuza.

Nilimwonea huruma. Nilimchukia pia, kidogo, mahali palepale. Neno lilikuwa mdomoni. Nikavuta ungo upande wangu tukachambua wote wawili hadi adhuhuri, mabovu huku, mazima huku. Kisha nikaaga. Akasema wasingya, asante kwa kuja, akanifungia maharage kwenye kitambaa.

Sikumwambia nimekusamehe. Naandika hapa ili baadaye, akifa, nisije nikajidanganya kwamba nilisema.